Barafu baada ya kisu: inatuliza maumivu, lakini ina masharti yake

MTU akitoka hospitalini na nyuzi mwilini, ploti nzima hugeuka kuwa madaktari. Mama wa nyumba ya tatu ataleta maji ya moto na chumvi. Mzee wa duka atasema apakwe ile krimu ya kuchoma ya wanamichezo. Shangazi atapiga simu kutoka ushago kuuliza kama mgonjwa amevaa soksi, kwa sababu baridi "huingia kwenye mifupa" na ikishaingia haitoki. Kisha mgonjwa mwenyewe anachomoa karatasi aliyopewa hospitalini, na humo imeandikwa: weka barafu, dakika 20, mara kadhaa kwa siku.

Hapo ndipo vita huanza.

Mwaka huu nimeviona vita hivyo kwa karibu, maana binamu yangu alipasuliwa goti akaja kukaa kwangu. Kwake ni ghorofa ya nne, na lifti ni ndoto. Kano ya katikati ya goti, ile ambayo mashabiki wa soka huiita ACL, ilikatika akicheza mechi ya mtaa kwenye uwanja wa vumbi. Madaktari walimtengenezea nyingine kwa kipande cha kano kutoka nyuma ya paja lake mwenyewe. Alirudi na magongo mawili, bandeji nene kama mto, mfuko wa tembe na hiyo karatasi.

Karatasi ilisema barafu tu. Haikusema barafu gani, iwekwe juu ya nini, iondolewe lini, wala nani asiiguse kabisa. Mimi si daktari. Hata kile chuo nilichoanza nilikiacha katikati, na hakikuwa cha udaktari. Lakini kusoma sikuacha, na wataalamu wa fiziotherapia ukiwauliza vizuri wanaongea. Haya ndiyo ningetaka yawe kwenye karatasi ile.

Kwanza elewa ni nini kinauma. Daktari akikukata, hata akiwa fundi kiasi gani, mwili haujui kwamba huyo ni mtu mzuri. Unajua umeumizwa. Unafungulia damu na maji kuelekea eneo hilo, pale panavimba, panapata joto, na uvimbe wenyewe unabana neva zilizo karibu. Goti ni sehemu ndogo isiyo na nafasi ya ziada, kwa hivyo maji kidogo tu yakijaa ndani, hata shuka likiligusa unaruka.

Baridi inaingia hapo kwa njia kadhaa. Mishipa midogo ya damu inajikunyata, kwa hivyo kinachovuja kwenye kidonda kinapungua. Neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo zinafanya kazi polepole. Ngozi ikishuka hadi kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi, habari hizo zinafika zikiwa zimechelewa na zimefifia. Halafu kuna ule mchezo wa mlango. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama mlango, na hisia nyingine zikipita hapo kwa wingi, maumivu yanabanwa nje. Ndiyo sababu ukigonga kiwiko unakisugua bila hata kufikiri. Baridi nayo ni hisia kali, inapigania mlango huohuo.

Jambo hili halikuanza na friji. Mnamo Februari 1807, jeshi la Napoleon lilipigana huko Eylau kwenye theluji, katika baridi ya chini kabisa ya sufuri. Daktari wake mkuu wa upasuaji, Dominique Jean Larrey, alikuwa akikata miguu na mikono ya majeruhi wakati ambapo dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa bado haijavumbuliwa. Aliona kwamba wanajeshi waliokuwa wameganda kwa baridi hawakulia kama wengine. Baadaye katika karne hiyohiyo, Mwingereza James Arnott alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi ili kutia ganzi ngozi kabla ya kukata. Ukumbuke hiyo chumvi, nitairudia, kwa sababu kuna watu mtaani wanaijaribu nyumbani.

Sasa swali la pesa na la ukweli: inafanya kazi kweli, au ni mazoea tu? Hapa sitakuuzia ndoto. Mwaka 2012, shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima, lilitazama tafiti 12 zenye watu 809 waliobadilishiwa goti zima. Waliotumia baridi walikuwa na maumivu pungufu kwa alama 1.3 hivi, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, saa 48 baada ya upasuaji. Kabla na baada ya hapo tofauti haikuonekana wazi. Na watafiti wenyewe walisema ushahidi ni dhaifu, kwa sababu tafiti nyingi hazikufanywa vizuri. Isitoshe, huwezi kumficha mtu kwamba ana barafu gotini.

Alama moja na kitu. Ukiwa mzima utasema hiyo ni kidogo. Mwulize mtu aliye kwenye nane saa tisa za usiku, wakati ameshameza tembe na bado saa tatu nzima kabla ya kuruhusiwa nyingine. Kutoka nane hadi sita na ushee kwake ni tofauti kati ya kulala na kuhesabu mabati. Na kuna faida nyingine: mtu ambaye haumii sana anakubali kukunja goti anapoambiwa na fizio. Goti lisilokunjwa wiki za kwanza linakakamaa, na kulilegeza baadaye ni shughuli nzima.

Lakini barafu haiponyi. Hapa ndipo vijana wa jim na wa raga tunapokosana. Yule daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliyeeneza ule utaratibu wa RICE mwaka 1978, yaani pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu, mwaka 2014 aliandika yeye mwenyewe kwamba barafu na kupumzika kupita kiasi huenda vinachelewesha uponaji. Uvimbe si adui mtupu. Ndani yake kuna seli zinazokuja kufanya usafi na ukarabati. Kwa hivyo usikae na barafu kutwa nzima ukidhani kadiri unavyozidisha ndivyo unavyopona haraka. Barafu inakununulia muda tu. Saa moja hapa, saa mbili pale.

Wala haichukui nafasi ya tembe ulizoandikiwa. Kazi yake ni kusaidiana nazo, ili zile kali uziache mapema. Tramadol si njugu, na wanaojua mtaa wanajua imemaliza kina nani. Hata hizi tunazoona ni za kawaida, kama Brufen na diclofenac, ukizitafuna kwa wiki bila mpangilio zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Niseme ukweli, hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niichukulie barafu kwa uzito. Binamu yangu ana vidonda vya tumbo vya zamani. Daktari alimkataza kabisa zile za jamii ya Brufen, kwa hivyo alikuwa na nyenzo moja pungufu tangu siku ya kwanza.

Haya, tuingie jikoni.

Barafu iliyotoka kwenye friza ina nyuzi 18 chini ya sufuri. Barafu inayoyeyuka, iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, inabaki kwenye sufuri hadi yote iishe. Hiyo ya pili ndiyo unayoitaka. Inajikunja kufuata umbo la goti, inashika baridi muda mrefu, na haikushuki ghafla. Ile mifuko ya jeli inayouzwa kwenye maduka ya dawa ni mizuri, lakini ikitoka moja kwa moja kwenye friza iache nje dakika chache kwanza.

Huna friza? Wengi wetu hatuna. Kuna watoto wanaouziwa barafu za rangi dukani. Muulize mwenye duka akugandishie za maji matupu. Kuna wauza samaki, ambao barafu ndiyo maisha yao, na vipande viwili vitatu hawatakunyima ukinunua omena. Mfuko ni shida kidogo tangu ile marufuku ya Agosti 2017, lakini mifuko ya mkate miwili, mmoja ndani ya mwingine, inatosha kama haina tundu. Mbinu niliyoipenda zaidi ni ya mama yangu, ambaye alikuwa mpinzani mkuu wa barafu hadi siku ya tatu: alichukua ule mpira wake wa maji ya moto wa usiku wa Julai, akaujaza barafu iliyopondwa, akautoa hewa, akaukaza kifuniko. "Kama ni lazima mumgandishe mtoto," alisema, "basi msimlowanishe."

Alisema kweli, maana kidonda lazima kibaki kikavu. Maji yakipenya kwenye bandeji yanabeba vijidudu hadi kwenye nyuzi. Weka taulo nyembamba au leso iliyokunjwa kati ya mfuko na mwili, kila mara, hata kama unajiona jabali. Bandeji ikiwa nene sana baridi itachelewa kufika. Uliza kabla hujatoka hospitalini kama ya juu inaweza kulegezwa, na kama hukuuliza, piga simu. Usiifungue kwa akili yako.

Dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Pumzisha saa moja au mbili kabla ya kurudia. Weka saa kwenye simu, si kichwani, kwa sababu baridi ina ujanja wake. Kwanza utaisikia tu kama baridi, kisha itachoma, kisha itauma kwa ndani, halafu ghafla hutasikia chochote. Hapo kwenye ganzi ndipo watu husema "sasa imeanza kufanya kazi" na kusinzia. La, hapo imemaliza kazi. Ukilala nayo unaweza kuamka na ngozi iliyoungua kwa baridi. Majarida ya kitabibu yana visa vya wagonjwa wa goti walioungua hivyo kwa sababu ya mashine za kuzungusha maji baridi zilizoachwa zikiendelea saa nyingi. Kama mashine ya pesa nyingi inaweza kukuunguza, mfuko wa mkate ni nani?

Chungulia ngozi kila baada ya dakika tano. Maelekezo mengi ya mitandaoni yanasema uangalie kama imekuwa nyekundu. Yameandikiwa watu weupe. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usionekane. Tafuta ngozi iliyopauka kama majivu, au iliyogeuka ngumu na laini kama nta ukiigusa, au malengelenge. Ukiona hivyo, ondoa barafu na usirudishe hadi uonwe na daktari.

Na chumvi usitie. Chumvi inashusha baridi ya barafu chini ya sufuri kwa nyuzi nyingi sana. Arnott alikuwa akitafuta kuua hisia kabla ya kisu. Wewe unatafuta usingizi.

Pahali pa kuweka nako kuna siri. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna kifundo cha mfupa unachoweza kukipapasa kwa kidole. Neva inayoinua unyayo inapita hapo karibu kabisa na ngozi. Ukiikandamiza kwa barafu muda mrefu, unyayo unaweza kulegea ukawa unaburuta vidole ukitembea. Mfuko ukae mbele na kandokando ya goti, usifungwe kwa nguvu, na mguu uinuliwe juu ya mito hadi upite kimo cha moyo. Kuinua huko watu hukudharau kwa sababu hakugharimu kitu, ilhali kunapunguza uvimbe vizuri sana.

Saa za kwanza zina mtego mwingine. Wengi hupigwa sindano ya kutia ganzi mguu mzima, na ganzi hiyo inaweza kukaa hadi kesho yake. Maana yake ni kwamba hata barafu ikikuunguza hutasikia. Katika muda huo mtu mwingine ndiye ashike saa na achungulie ngozi.

Sasa wale ambao barafu si yao. Naomba hapa usiruke. Mwenye selimundu asiweke barafu, kwa sababu baridi inaweza kuamsha ule mshtuko wa maumivu anaoujua vizuri kuliko mtu yeyote. Huku kwetu hilo si neno la vitabuni. Nyanza, magharibi na Pwani zina familia nyingi zenye ugonjwa huu, na karatasi za hospitali zilizonakiliwa kutoka ng'ambo mara nyingi haziutaji. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni naye hapana, hadi daktari wake aseme. Vivyo hivyo mwenye mishipa ya damu iliyoziba, mwenye vidole vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi akishika kitu baridi, na mtu anayefura vipele akiguswa na maji ya baridi.

Tuje kwa akina mama na maji yao ya moto, maana hawa si wa kupuuzwa. Joto linafungua mishipa ya damu. Siku mbili tatu za kwanza, goti likiwa bado limefura na joto lake lenyewe, ukilimwagia maji ya moto unaongeza uvimbe, na damu inaweza kuanza kuvuja upya. Krimu ya kuchoma karibu na kidonda kibichi ndiyo usiguse kabisa. Lakini wiki zikisonga, misuli ya paja na kiuno iliyokakamaa kwa kutembelea magongo inafurahia taulo la moto sana, mradi liwe mbali na kidonda. Kwa hivyo shangazi hajakosea kila kitu. Amekosea tarehe.

Kisu hakiishii gotini, bila shaka. Ukitolewa gego la mwisho, barafu inawekwa nje ya shavu siku ya kwanza, kisha kuanzia siku ya pili unahamia maji ya chumvi ya uvuguvugu mdomoni, bila kusukutua kwa nguvu. Aliyetolewa mafindofindo anaweza kunyonya barafu au aiskrimu, na huo ndio upasuaji pekee ninaojua ambapo watoto hujitetea wazidishiwe dawa. Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akashonwa, pedi baridi iliyofunikwa kitambaa inampa nafuu siku za mwanzo. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo aulize mkunga kwanza, na kitambaa kisisahaulike.

Kuna maumivu ambayo hayatafuti barafu, yanatafuta gari. Shavu la mguu likivimba na kuuma ukilibonyeza, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje asubuhi. Homa, usaha, harufu mbaya, au vidole vya mguu vinavyokuwa baridi na kubadilika rangi wakati hujaweka barafu yoyote, rudi hospitalini. Maumivu yanapaswa kushuka kadiri siku zinavyokwenda. Yakianza kupanda upya siku ya tano, usiyafunike kwa baridi ili upate usingizi.

Binamu yangu sasa yuko wiki ya saba. Gongo moja limerudi kona, barafu anaweka mara moja tu kwa siku, baada ya mazoezi, na tembe aliacha kitambo. Adui aliyebaki ni stima. Ikipotea jioni, mifuko yote inageuka maji, kwa hivyo tulijifunza kuweka akiba ambayo haiyeyuki haraka: pakiti za githeri. Mama huchemsha mahindi na maharagwe ya wiki nzima na kuyagandisha kwa mafungu, na fungu moja likifungwa kwenye taulo linakaa gotini vizuri kuliko jeli ya dukani. Ila likishayeyuka na kugandishwa tena na tena, hilo si chakula tena. Liandike GOTI kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili, kwa sababu kuna mtu atarudi usiku akiwa na njaa, na hatawasha taa.